Ushuru sifuri, mbona mdalasini wa Pemba unakwama?

Swali: Assalaam aleykum Maalim. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Konde, Pemba. Tuko 34. Tunabandua mdalasini, tunaukausha na kuufunga wenyewe. Mwaka huu tumekusanya kilo 600, na kijana wetu anayesoma Ujerumani ametutafutia mnunuzi huko. Tulifurahi tulipoambiwa bidhaa za Tanzania zinaingia Ulaya bila ya ushuru hata senti moja. Lakini mnunuzi ametuletea orodha ya vyeti na vipimo mpaka tumeona kiza: madini ya risasi, viuatilifu, gesi sijui gani, cheti cha kilimo hai, uasili wa bidhaa, mpaka mbao za kuwekea mzigo. Kaka yangu anasema hizo ni hila za Wazungu, tumuuzie mchuuzi wa Mombasa yaishe. Je, hivi ndivyo vikwazo visivyo vya kiforodha tunavyovisikia? Vinaathiri vipi biashara, na sisi tushike lipi?

Jibu: Wa aleykum salaam, dada yangu. Hongereni kwa hizo kilo 600. Anayejua kazi ya kukausha maganda ya mdalasini mvua ikiwa juu ya kichwa haidharau tarakimu hiyo.

Nianze na kaka yako, kwa sababu ana nusu ya haki. Zipo nchi zinazojificha nyuma ya vyeti ili kuwalinda watu wao, na nitakupa mfano wa karafuu usioupinga mtu. Lakini Ulaya hawalimi mdalasini. Hawana mkulima wa kumlinda dhidi ya mama wa Konde. Mahali pa kutilia shaka hila ni kwenye sukari, maziwa, nyama, mahindi, vitu ambavyo mnunuzi naye anavizalisha kwao. Orodha yako nimeisoma mara mbili, na muuzaji wa Sri Lanka anaombwa yaleyale.

Upande wa ushuru mliambiwa kweli. Tangu 2001 Umoja wa Ulaya una mpango unaoziruhusu nchi maskini zaidi duniani, Tanzania ikiwemo, kuingiza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru na bila ukomo wa kiasi. Sasa ushuru ukishaondoka, yanabaki mengine yote yanayoweza kuugharimu mzigo au kuuzuia: kiwango, kipimo, cheti, kifungashio, lebo, kibali, ukomo wa kiasi, hata ofisi inayofungua saa nne na kufunga saa nane. Yote hayo yanaingia katika jina uliloliuliza. Shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, limeyapanga kwa herufi, kuanzia A mpaka P. A ni afya ya binadamu, wanyama na mimea. B ni viwango vya kiufundi. P, ya mwisho, ni yale ambayo nchi inayouza inajiwekea yenyewe. Herufi hiyo iweke pembeni, nitairudia.

Namna vinavyouma ndiyo ningependa uielewe kuliko chochote. Ushuru unakwenda na mzigo. Ukitozwa asilimia tano, mwenye gunia moja analipa kwa gunia moja na mwenye kontena analipa kwa kontena. Kipimo cha maabara hakiulizi una kilo ngapi. Tuseme, kwa mfano tu, vipimo vyote alivyoviomba mnunuzi vinagharimu shilingi 1,800,000. Kwa kilo zako 600, hiyo ni shilingi 3,000 juu ya kila kilo kabla hujanunua hata kamba ya kufungia. Mwenye kontena la kilo 12,000 akipeleka sampuli zilezile, anaongeza shilingi 150 kwa kilo. Mdalasini wake si mzuri kuliko wenu. Amewashinda kwa 2,850 kwa sababu ni mkubwa, basi. Na pesa hiyo wewe unaitoa kabla hujauza, wakati ushuru mtu huulipa mzigo ukiwa umeshafika na mteja yupo.

Ndiyo maana utasikia wachumi wakisema biashara inasinyaa ushuru unaposhuka, na watu wakawashangaa. Wadogo wanaacha kuuza nje, wanamuuzia mkubwa, na mkubwa anapanga bei. Mnunuzi naye anapunguza idadi ya watu anaonunua kwao, maana kumkagua mmoja ni rahisi kuliko kuwakagua 34. Ndani ya takwimu za nchi huenda usione kitu, tani ni zilezile. Kilichobadilika ni nani anayepata faida.

Sasa ule mfano wa karafuu. Juni 2009 Rais Obama wa Marekani alitia saini sheria ya kudhibiti tumbaku. Kifungu kimoja kilipiga marufuku sigara zenye ladha za matunda, vanila, karafuu na nyinginezo, kwa hoja kwamba ladha hizo huwavuta watoto. Ladha moja ikaachwa, ya mentoli. Sigara za karafuu, wenyewe wanaziita kretek, karibu zote zilikuwa zikitoka Indonesia. Za mentoli zinatengenezwa Marekani kwenyewe. Mwaka 2010 Indonesia ikapeleka shauri Shirika la Biashara Duniani, na Aprili 2012 Chombo cha Rufaa kikatoa uamuzi: sigara hizi mbili ni bidhaa zinazofanana, na kuizuia ya mgeni huku ya mwenyeji ikiachwa ni ubaguzi. Angalia vizuri walichokisema na wasichokisema. Hawakusema kuwalinda watoto na sigara ni kosa. Hoja ya afya ilisimama. Kilichoanguka ni kumbana mgeni peke yake na kumwacha mwenyeji.

Na Indonesia ilipata nini? Marekani haikuzirudisha kretek madukani. Mwaka 2014 nchi hizo mbili zilimalizana kwa makubaliano na sheria ikabaki palepale. Mimi sivuti na sizisikitikii sigara za mtu, lakini kwa mfanyabiashara somo ni chungu: unaweza kuwa na haki, ukashinda, na mzigo wako usiuzwe. Nchi ya watu zaidi ya milioni mia mbili ilihitaji miaka minne kufika hapo. Kikundi cha Konde hakiwezi kusubiri kesi.

Chukua swali moja kutoka kwenye kesi hiyo, ulitumie kama chekeche kila ukiona sharti: je, na wao wenyewe wamefungwa nalo? Kiwango cha risasi ndani ya viungo kinamhusu kila auzaye Ulaya, awe nani. Kwa maganda kama mdalasini, sheria yao inaruhusu miligramu 2.0 kwa kilo. Kwa matumba ya maua kama karafuu ni 1.0. Hiyo si hila. Mwishoni mwa 2023 huko Marekani watoto walikutwa na risasi mwilini baada ya kula paketi za tufaha zilizosagwa zenye mdalasini uliotiwa madini hayo. Tangu hapo kila mnunuzi wa mdalasini analala jicho moja wazi.

Wataalamu wenyewe wanabishana juu ya uzito wa vipimo hivi. Mwaka 2001 wachumi wa Benki ya Dunia, Otsuki, Wilson na Sewadeh, walikadiria kuwa kiwango kikali cha Ulaya cha sumukuvu kingepunguza mauzo ya Afrika ya nafaka, matunda makavu na njugu kwa asilimia 64, yaani dola milioni 670, ili kuokoa kiasi cha maisha 1.4 kwa kila watu bilioni moja kwa mwaka. Tarakimu hiyo inasomwa kwenye mikutano mpaka leo, na kila ikisomwa ukumbi unapiga makofi. Kinachosomwa mara chache ni kazi ya Xiong na Beghin ya 2012. Wao waliangalia mauzo halisi ya karanga za Afrika, hawakukisia, na hawakuona athari kubwa ya kiwango hicho. Tatizo lilionekana liko zaidi huku kwetu, kwenye uzalishaji na ubora. Nimezisoma zote mbili, na miaka yangu ya bandarini inanivuta upande wa pili.

Nikuambie nilichokiona kwa macho yangu. Bandarini Malindi, Unguja, kampuni moja ilikuwa na mzigo wa viungo umepimwa, umepita kila maabara, karatasi zimepangwa kwenye faili la plastiki. Kijana wa wakala akapiga goti, akainama chini ya paleti kutafuta mhuri wenye alama ya shuke la ngano. Hakuuona. Akaigeuza ya pili, ya tatu. Mbao zilikuwa mbichi, zimenunuliwa kwa seremala siku mbili nyuma, zinatoa utomvu bado. Kanuni ya kimataifa inataka mbao za kubebea mizigo zitibiwe, kwa kawaida kwa kupashwa moto mpaka kiini chake kifikie nyuzi joto 56 kwa dakika 30, kisha zigongwe mhuri, ili wadudu wasisafiri bure. Viungo vilikuwa safi kabisa. Vilishushwa vyote, vikapangwa upya, na meli ikaondoka. Aliyenunua mbao aliokoa pesa ya chai.

Turudi kwenye orodha yako, maana si kila kitu humo kina uzito sawa. Mwandikie mnunuzi, kwa upole, akutenganishie: lipi ni sheria, lipi ni sharti la kampuni yake, lipi ni mazoea tu. Utashangaa. Makampuni makubwa ya Ulaya yana viwango vyao binafsi vinavyozidi sheria ya serikali. Saint Vincent na Grenadines, visiwa vidogo kama sisi, walililalamikia jambo hilo Shirika la Biashara Duniani tangu 2005 kwa ajili ya ndizi zao, na mpaka leo hakuna kanuni inayoyabana, kwa sababu kampuni binafsi si serikali. Lakini sharti la kampuni lina uzuri mmoja: linajadilika. Sheria haijadiliki.

Cheti cha kilimo hai ni mfano mzuri. Hakuna sheria inayokulazimisha uwe nacho, ila ukitaka kuandika neno hilo kwenye mfuko. Na siku hizi kimekuwa kigumu. Kanuni mpya za Ulaya zinataka kikundi cha wakulima kiwe na usajili wa kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na kila mwanachama awe mdogo, kwa mfano shamba lake lisizidi hekta tano. Kwa ukubwa mnafaa bila tabu. Tabu ni daftari: ramani ya kila shamba, ukaguzi wa ndani kila mwaka, mkaguzi wa nje mwenye kulipwa. Mwaka huu liacheni. Uzeni kama mdalasini wa kawaida, na mnunuzi akikuuliza mwambie kweli kwamba hamtumii dawa, bila kuandika popote.

Gesi uliyoisema "sijui gani" nadhani ni oksidi ya ethilini. Wenzetu wa nchi nyingine huitumia kuua vijidudu kwenye viungo, Ulaya hairuhusu. Nyinyi hamna hata mtungi wake, kwa hiyo kipimo hicho ni cha kuthibitisha tu kisichokuwepo, na ndipo pa kumwomba mnunuzi alipe yeye. Viuatilifu hali kadhalika, isipokuwa kama mna jirani anayepulizia mboga zake upepo ukielekea kwenu.

Ninapoogopa zaidi ni jamvini. Mvua ikikaza, watu huingiza maganda jikoni yakaukie juu ya moshi. Moshi una kemikali ambazo Ulaya inazipima: ile inayoitwa benzopireni haitakiwi izidi mikrogramu 10 kwa kilo ya kiungo kikavu. Kuanika kando ya lami nako kuna lake, vumbi la barabara na mafuta ya magari, na hapo ndipo risasi inapoweza kuingia bila mtu kuitia. Na kuku. Nisamehe, lakini nimekwenda nyumba nyingi Pemba, na kuku hupita juu ya jamvi kama mwenye shamba. Kipimo cha salmonela kitamjua kuku huyo bila ya kumwona. Tandikeni juu ya kichanja, chandarua juu, mbali na njia. Hilo linagharimu miti na misumari.

Kuna kanuni moja inayokubebeni, na wengi hawaijui. Mdalasini mwingi unaouzwa duniani kwa bei ya chini ni wa jamii ya kasia, wenye kumarini nyingi, dutu inayodhuru ini ikizidi. Ulaya imeweka ukomo wake katika vyakula: keki na mikate mitamu ya kila siku miligramu 15 kwa kilo, za sikukuu zenye jina la mdalasini 50. Mwaka 2013 Denmark nzima ilizozana juu ya andazi lao la mdalasini kwa sababu ya tarakimu hizo mbili, kama lihesabiwe la kila siku au la sikukuu. Mdalasini wa kweli, ule unaoliwa na nyinyi kwenye chai na pilau, una kumarini kidogo mno. Mwokaji wa Copenhagen au Hamburg anayebanwa na sheria hiyo anautafuta mdalasini kama wenu. Kwa hiyo sharti lilelile linalomfungia mlango mwenye kasia linakufungulia wewe. Kipimo cha kumarini hakimo kwenye orodha ya mnunuzi wako. Kiongeze mwenyewe, kisha mpelekee majibu kabla hajauliza.

Viwango navyo hubadilika kwa ushahidi. Wasri Lanka huufukiza mdalasini wao kwa kiberiti, yaani salfa, na Ulaya ikaanza kuwazuia kwa mabaki yake. Wakapeleka data kwenye Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, na mwaka 2006 ukawekwa ukomo wa miligramu 150 kwa kilo. Walikuwa na maabara, watu na chama cha wauzaji. Sisi bado.

Ile herufi P. Mkononi mwako, dada, una mdalasini ambao una ruhusa ya kumuuzia umtakaye. Karafuu iliyo mita ishirini kutoka hapo huwezi, hata Mjerumani aje na fedha taslimu mpaka mlangoni. Mnunuzi wake kisheria ni ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Sababu zinajulikana, bei ya uhakika na ubora na mapato ya serikali, na kuna miaka bei hiyo imemwokoa mkulima. Lakini kwa lugha ya UNCTAD ni hatua isiyo ya kiforodha kama nyingine, na matokeo yake unayaona: bei ya ng'ambo ikipanda, dau huondoka usiku kuelekea Kenya. Indonesia nao walikuwa na shirika lao la kuhodhi karafuu, la mtoto wa Rais Suharto, likavunjwa 1998. Sitaki kusema letu livunjwe. Nataka tu tusilalamikie masharti ya Ulaya kama kwamba kwetu hakuna.

Kwa majirani pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005, ushuru baina yetu umeondoka, na tazama: Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda ghafla kwa sababu ya sumukuvu, siku chache baadaye ikayaruhusu kwa cheti cha kuonesha hayazidi sehemu 10 kwa bilioni. Hoja ya afya ilikuwa na msingi. Kilichowaumiza watu ni malori yaliyokuwa njiani siku hiyo. Na sisi Tanzania tulichoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya mwaka 2017 pale Namanga.

Basi mchuuzi wa Mombasa. Atanunua, atalipa papo hapo, na sikulaumu ukimuuzia nusu kama watoto wanadaiwa ada ya skuli. Ila jua anachofanya: ataumwaga kwenye rundo na mdalasini wa watu wengine, utapimwa huko, gharama itakatwa kwenye bei yako bila wewe kuiona, na jina Pemba litaishia gatini.

Ningekuwa katibu ningefanya hivi. Kabla ya kutoa hata shilingi, ningemwomba mnunuzi apokee sampuli ya kilo mbili na apime kwenye maabara yake yenye ithibati. Wengi hukubali, maana kwao bei ni nafuu na majibu ya maabara hiyo wanayaamini. Gharama ikatwe kwenye ankara ya kwanza. Wakati sampuli iko njiani, zungumzeni na vikundi vya Micheweni na Wete vyenye mdalasini. Mkifika tani tatu, zile 3,000 za mfano wangu zinashuka kuwa 600. Lakini kila gunia libaki na jina la aliyelikausha, kwa rangi isiyofutika. Gunia moja likifeli mtalitoa hilo, vinginevyo samaki mmoja ataozesha tenga. Uasili wa bidhaa, yaani uthibitisho wa nchi ilikotoka, usikutishe: kwa mzigo usiozidi Yuro 6,000, anayetuma yeyote anaruhusiwa kuandika tamko mwenyewe kwenye ankara, ukizidi hapo ndipo lazima awe amesajiliwa kwenye mfumo wa wauzaji wa nje. Na paleti, nunueni zenye mhuri au msitumie kabisa. Mzigo wa magunia machache unaweza kupangwa bila mbao.

Majibu ya sampuli yakifika, nitumie ule ukurasa wenye jedwali. Tutaanza kusoma mstari wa risasi, halafu ule wa benzopireni, na kama mmoja umepita kiwango nitataka kujua mlianika wapi wiki ile ya mvua.